Mchaichai wa Mama Mkwe

Jumatano, 4 Septemba 1974

Daftari hili ni la kisomo. Kurasa za mbele zina a, e, i, o, u za watu wazima niliokuwa nawafundisha kule mlimani. Za nyuma zimebaki nyeupe, na kwa kuwa darasa langu limetawanywa na lori, simwoni wa kumrudishia. Nitaandika humu nikipata nguvu. Leo sina nyingi.

Tuliteremshwa jana jioni. Kijiji kipya kiko upande wa Pito, nyumba zimepangwa kwa mistari, yetu ina kuta na nusu ya paa. Lori lilichelewa kuondoka mlimani kwa sababu ya mama mkwe wangu, Mama Fransiska. Hakulilia nyumba wala kuku wawili waliokimbilia porini. Aliketi chini kando ya mchaichai wake uliokuwa mlangoni, akasema kama unabaki, naye anabaki. Dereva akapiga honi mpaka watoto wakaziba masikio. Mwishowe mume wangu, Basil, akachukua jembe, akaung'oa mchaichai wote na kuushindilia kwenye gunia. Ndipo Mama akapanda. Alilikumbatia lile gunia safari nzima, mimi nikimshika mwanangu Suma na sufuria.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimefungua gunia. Jembe la Basil lilikata mizizi hovyo na jua likamalizia kazi. Nimechambua shina moja moja, nikatupa yaliyokauka, nikapata kumi na nane yenye uhai kidogo. Nimeyavua maganda makavu, nikakata majani yabaki urefu wa kiganja, nikayasimamisha kwenye makopo mawili ya maji.

Nikajisifu mbele ya Mama. Nilimwambia kwetu Tukuyu mchaichai unaota hata ukiutupa nyuma ya choo, aniachie mimi. Mwaka wa sita huu tangu Basil anioe kule kwenye mashamba ya chai akanileta Ufipa, na bado mama yake hunitazama kama mgeni aliyekaa kupita kiasi.

Jumatatu, 9 Septemba

Upepo. Vumbi kwenye uji, vumbi kwenye nywele. Nimebadilisha maji ya makopo.

Alhamisi, 12 Septemba

Majani ya chai hayapo kwenye duka la kijiji na muuzaji hajui yatakuja lini. Mama anakohoa usiku kucha. Akiwa mlimani alikuwa akichemsha mchaichai asubuhi na jioni, kifua kinatulia. Sasa anakunywa maji ya moto matupu na kulitazama kopo langu. Siwezi kukata jani hata moja kabla mizizi haijatoka. Nimemweleza mara tatu. Mara ya tatu aliniambia yeye si kiziwi.

Jumanne, 17 Septemba

Maji yako bondeni, nusu saa kushuka na karibu saa nzima kupanda. Ndoo ikijaa huwezi kujitwika mwenyewe bila kuimwaga nusu, lazima uwe na mtu wa kukutwisha. Mimi nimempata Dominika, mama Oswaldi, wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Naye alihamishwa kutoka mlima wetu, ila alikuwa anakaa upande wa pili wa mto. Tunatwishana. Yeye ananitwisha kwanza, kisha naishikilia yangu kwa mkono mmoja na kumsaidia kwa mwingine. Ana maneno mengi na kicheko cha karibu, na bila yeye nadhani ningekaa chini pale kisimani na kulia.

Kila siku ananiuliza, "Mama Suma, yameshika mangapi?"

Alhamisi, 19 Septemba

Kumi na moja yametoa mizizi, myeupe, myembamba kama uzi wa kushonea. Saba yameoza. Nimefurahi, sitaki kusema uongo.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimeyapanda ubavuni mwa nyumba, karibu na mlango, pale Mama anapoketi mchana kuota jua. Nimechanganya udongo na samadi ya mbuzi, nikayafunika kwa nyasi kidogo yasiungue. Kila shina nimelifunga kiuzi chekundu kutoka kwenye fulana yangu kuukuu, ili nijue yale ya kwanza niliyoyaotesha mwenyewe. Ndoo nzima ya maji imeishia hapo. Basil kauliza tutapikia nini. Nikamwambia atapikia mate.

Jumapili, 29 Septemba

Majani mapya yamechomoza katikati. Nimekata vipande vitatu vidogo tu, nikachemsha. Mama kanywa, kafumba macho. Jioni hii hajakohoa sana.

Jumatano, 2 Oktoba

Moja halipo. Kumebaki shimo.

Jumamosi, 5 Oktoba

Yamebaki tisa. Si mbuzi. Mbuzi angetafuna majani na kuacha shina, na mashimo haya yamechimbwa kwa vidole, taratibu, mpaka udongo umerudishiwa. Nimemuuliza Mama aliyekuwa ameketi pale pale mchana kutwa. Kasema hakuona mtu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Sita. Nachota maji, nafundisha kisomo jioni chini ya paa la ghala, nashinda shamba la kijiji siku tatu kwa wiki, na Jumapili Basil anaponyoka kurudi mlimani kuangalia matuta yetu. Tulifukia majani ndani ya matuta yale tangu Machi ili mwaka huu tuyasambaze na kupanda ulezi, sasa yameachwa kwa nyani. Nimechoka. Na bado kuna mtu anayeona ni vyema kuiba shina la mchaichai la ajuza anayekohoa.

Jumatatu, 14 Oktoba

Manne. Dominika kaniuliza kisimani, "Yameshika mangapi?" Nimemtazama vizuri leo. Kwa nini anataka kuhesabu?

Jumamosi, 19 Oktoba

Yamebaki mawili. Na nimeokota kiuzi chekundu. Kilikuwa kwenye njia, hatua mbili kutoka mlangoni kwa Dominika. Nimekitia kwenye fundo la kanga. Mtu ninayemtwisha ndoo.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimelifikisha jambo hili kwa balozi.

Nilingoja watu watoke kanisani. Balozi wa nyumba kumi zetu ni mzee Flavian, mwenyeji wa huku, si wa mlima wetu. Anapenda mambo yaandikwe. Akaita watu chini ya ukuta wa nyumba yake, nikasimama, nikafungua fundo, nikaonyesha uzi. Nikasema maneno mengi. Nilisema yapo macho yanayokuja kukuhesabia mali yako kila asubuhi yakijifanya ya kirafiki. Watu wakaguna. Nilijisikia mwenye haki, na uchovu wote wa wiki hizi ukapata pa kutokea.

Dominika alisimama mikono imelegea. "Mimi sikuiba," alisema.

"Basi nani?" akauliza mzee Flavian.

Dominika akakaza kanga yake.

"Unamjua aliyeiba?"

Aliwatazama wanawake waliokuwa pale, mmoja baada ya mwingine, Bertilla, Luciana, na wengine wa mlimani kwetu. Wote walikuwa wanatazama chini. Akarudisha macho kwa balozi. "Sina la kusema, mzee."

"Asiyejitetea amekubali," akasema mzee Flavian, akaandika. Siku tatu za kulima shamba la kijiji peke yake, kipande cha juu kule ambako udongo umekauka mpaka jembe linaruka. Mume wa Dominika yuko Kasanga kwenye mizigo ya bandari, hakukuwa na wa kumsemea.

Mama hakuwapo. Alikuwa amelala na kifua chake. Nilipomweleza, aligeukia ukutani. Nikadhani amechoka.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimekwenda kisimani peke yangu. Nimejitwika mwenyewe, nusu ya ndoo imenimwagikia mgongoni.

Jumanne, 22 Oktoba

Ngoja niandike yote, hata kama koroboi itaishiwa mafuta.

Asubuhi nilimwona Dominika akipita na jembe kwenda kipande cha juu, siku yake ya pili. Nami nilikuwa zamu ya shamba, kipande cha chini. Mchana kutwa nilimwona kule, kanga imefungwa kichwani, akiinama na kuinuka. Hakutoka hata kwenda kunywa maji. Nimerudi nyumbani saa tisa. Shina moja halipo. Udongo wa shimo ulikuwa bado mbichi.

Nilikaa chini pale pale. Kama Dominika alikuwa mbele ya macho yangu tangu asubuhi, basi si yeye. Na kama si yeye leo, labda si yeye siku zote.

Mama alikuwa ameketi mlangoni. Nikamgeukia. Sikumpa shikamoo wala nini.

"Mama, nani amekuja hapa leo?"

"Bertilla alipita kunijulia hali."

"Akachukua shina?"

"Sikuona."

"Mama, umekaa hatua mbili! Ungewezaje usione?"

"Nilikuwa nimegeuka," akasema. Kisha akaniambia polepole, kama vile mimi ndiye mwanafunzi wa kisomo: "Akija mtu kutaka mchaichai, mwenyewe anageuka. Hutaki kuona. Ukiona, umempa, na mchaichai wa kupewa haushiki. Wa kuomba haushiki. Wa kusema asante ndio unakufa siku hiyo hiyo. Nami niliuiba kwa mama wa ubatizo wa Basil, akiwa ametazama ukuta, na yeye aliuiba kwenye bustani ya masista. Mlima mzima tumeibiana. Hukuwahi kuona huko, maana sisi wenye mchaichai wa zamani hatukuwa na sababu ya kuiba tena."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie ili nini? Ulisema kwenu unaota nyuma ya choo. Nikajua hutaki kufundishwa." Akakohoa kwa muda mrefu. "Wale walishushwa kwenye lori mikono mitupu, mama Suma. Bertilla, Luciana, wote. Hawana kitu cha mlimani mlangoni mwao. Nilikuwa nageuka. Kazi gani nyingine ninayoweza?"

Nikamuuliza kuhusu Dominika. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe nikaona Mama ananionea aibu.

"Dominika ndiye hakuiba," alisema. "Nilimgeuzia mgongo mara mbili, hakuchukua. Aliniambia, 'Acha kwanza, Mama, mimi namwona anavyobeba hayo maji. Nitaiba yakiwa mengi.' Ndiyo maana alikuwa anauliza yameshika mangapi. Na pale kwa balozi angewataja wenzake? Angenitaja mimi? Wewe ukampeleka na uzi."

Uzi ule, bila shaka, ulimdondoka mtu mwingine njiani.

Uso wangu niuweke wapi.

Jumatano, 23 Oktoba

Kabla jua halijachomoza nilikwenda kwa mzee Flavian. Nikamweleza kwamba nimekosea. Sikumtaja Bertilla, sikumtaja mtu. Alisikiliza, akafungua kitabu chake. "Zimeandikwa siku tatu," alisema. "Imebaki hii moja. Nikifuta leo, kesho kila mtu atataka kufuta." Nilimwomba sana. Akanipa pole, akafunga kitabu.

Nikachukua jembe nikapanda kipande cha juu. Nikaanza kulima mstari kando ya wake. Alichukua jembe lake akahamia mwisho mwingine wa kipande. Nikahamia, naye akarudi. Tulilima hivyo mpaka jioni, yeye huku, mimi kule. Alipomaliza nilimfuata njiani.

"Mama Oswaldi, nimekukosea. Naomba unisamehe."

"Nimesikia," akasema. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Jumamosi, 26 Oktoba

Shina la mwisho nalo limeondoka. Mama alichukua fimbo yake, akatembea nyumba tatu, jambo ambalo hajafanya tangu tuje. Aliporudi alikuwa anahema, vidole vina udongo.

"Shina liko wapi?"

"Limenidondoka."

"Wapi?"

"Mlangoni kwa Dominika," akasema, akaenda kulala.

Sikukasirika. Nilimchemshia maji matupu.

Ijumaa, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Misa ndefu. Dominika aliketi mbele, sikuona uso wake.

Ijumaa, 8 Novemba

Kisimani wanawake wananitwisha kwa zamu, kwa sababu watu hawawezi kumwacha mtu na ndoo. Wananitwisha bila neno, wanaondoka. Shingo inaniuma upande mmoja. Joto, mawingu ya uongo.

Jumanne, 19 Novemba

Mvua ya kwanza! Paa linavuja sehemu mbili. Suma alicheza nje mpaka akatetemeka. Mama anakohoa tena vibaya kwa sababu ya unyevu.

Jumapili, 24 Novemba

Basil kakatazwa kwenda mlimani. Ulezi tutapanda hapa, kwenye udongo usiofukiwa kitu. Hakula jana wala leo. Nimekaa naye.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimepita mistari yote ya nyumba za wahamiaji wa mlimani nikigawa madaftari ya kisomo. Kwa Bertilla mlangoni, mchaichai. Kwa Luciana, mchaichai. Nyumba kumi nimehesabu, na kwenye shina moja bado kulikuwa na kiuzi chekundu kimefifia. Mvua imeyapa nguvu, yamejigawa yenyewe, kila moja limekuwa kichaka kidogo. Nilisimama njiani nikavuta harufu yake. Sijui kama nilikuwa nacheka au nalia. Maji yangu yote ya Septemba yalikuwa pale.

Bertilla aliponiona nimesimama alisema kwa sauti kubwa, "Ngoja nikaangalie kuni nyuma ya nyumba!" akaondoka haraka. Alikuwa ananiachia. Nami niliondoka mikono mitupu. Nikichukua kwake, kifua cha Mama kitatulia, lakini mimi nitabaki nilivyo, mdeni wa Dominika.

Jumatano, 4 Desemba

Nimekwenda kwa Dominika kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya jembe. Nilitoka nimejisemea mambo mengi. Yuko mlangoni anachambua maharage, mchaichai uko kulia kwake, umeshatoa mashina matano. Nikamwamkia. Akaitikia. Nikasimama. Akaendelea kuchambua, uso ameuelekeza kwangu, hakuugeuza hata kidogo. Nikasema nitakuja tena. Akasema, "Haya."

Alhamisi, 12 Desemba

Jana nilikwenda tena. Alikuwa anamsuka mtoto wa jirani. Alinitazama macho makavu tangu nilipofika mpaka nilipoondoka. Mtoto akageuka, yeye hakugeuka. Niliporudi Mama aliniuliza kwa macho. Nikatikisa kichwa.

"Utachukua kwa Bertilla," akasema.

"Hapana."

"Mimi ndiye ninayekohoa."

"Najua, Mama. Nivumilie." Kisha nikamwambia kitu ambacho sijawahi kumwambia, kwamba naogopa kuzeeka kijiji hiki nikiwa yule mwanamke wa uzi. Alinishika mkono. Mkono wake ni mwepesi, mifupa mitupu. Usiku akakohoa, na mimi nikahesabu kila kikohozi na kujiona mchoyo. Asubuhi nilikwenda mwenyewe kwa Bertilla kuomba majani tu, bila mizizi, nikamchemshia. Kumbe majani huombwa, ni shina lenye mizizi tu linaloibwa. Ningeambiwa mapema.

Jumanne, 17 Desemba

Mvua siku tatu mfululizo. Kisomo hakuna mtu.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Tumekula kuku wa kununua. Mama kaweza kufika kanisani kwa kushikwa huku na huku. Kwenye kutoa amani nilimgeukia Dominika aliyekuwa nyuma yangu. Akanipa mkono. Viganja vimepona, vina sugu. Hakutabasamu.

Jumapili, 29 Desemba

Leo nilikuwa sitaki kwenda. Miguu yangu ilikwenda yenyewe baada ya misa, Suma mgongoni.

Dominika alikuwa peke yake, ameketi kwenye kigoda mlangoni, anakoroga udongo kwenye karai azibe nyufa za ukuta. Mchaichai umekuwa kichaka kamili, majani yanagusa ukuta. Nikamwamkia, akaitikia. Nikasimama pale pale ninaposimama siku zote. Akanitazama. Nikashindwa kumtazama, nikatazama miguu yangu yenye tope. Sikuwa na neno jipya. Msamaha nilishauomba, na moyoni nikaurudia mara nyingi mpaka maneno yenyewe yamechakaa.

Mvua ilianza kunyunya.

Kisha nikasikia kigoda kinasogea. Nilipoinua macho, Dominika alikuwa amegeuka. Uso ameuweka karibu kabisa na ukuta, anapaka udongo mahali pamoja, mahali ambapo hapakuwa na ufa wowote, anapaka na kupaka. Mgongo wake wote ulikuwa kwangu.

Nikapiga magoti. Nikaingiza vidole kwenye udongo uliolowa, nikatafuta shina la pembeni, nikalizungusha taratibu mizizi isikatike. Lakini machozi yalikuwa yananitoka na vidole havikuona vinachofanya, na Suma mgongoni akaanza kuuliza, "Mama unalia nini?" Nikawa nashika, naachia, nashika tena.

"Fanya upesi, mama Suma," Dominika aliuambia ukuta. "Shingo inaniuma."